Fundi Cecil na Seva ya Chumba cha Salfa

Wapo watu hapa Newala wanaosema Cecil Malibiche alifukuzwa kazi kwa ubishi. Hao ni watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kikao hata kimoja cha Umoja wa Wakulima. Mimi nimekaa vyote. Nilikuwa katibu muhtasi wa Umoja kwa miaka kumi na moja, mihtasari yote nimeiandika kwa mkono wangu, na nawaambia ubishi wa Cecil, kama ulikuwapo, ungeenea kwenye kijiko cha chai. Upumbavu uliokuwa mezani ndio uliotaka gunia.

Cecil alizaliwa Luatala, katika zile familia za Kianglikana ambazo babu alibatizwa misheni, na tangu hapo kila mtoto anabeba jina la padri fulani wa Kiingereza. Baba yake alikuwa mwalimu, tena mpiga kinanda kanisani. Kinanda kilipoharibika wakati Cecil yuko darasa la tano, alikifungua wakati watu wazima wanabishana nani aandikiwe barua, akakirudisha kikilia. Alichapwa kwa kukifungua. Hakuna aliyemshukuru kwa kukitengeneza. Ingetosha kumfundisha kitu, lakini hakujifunza.

Alipokua akawa fundi wa simu katika shirika la umma, akapanda nguzo toka Masasi hadi Ndanda mpaka viganja vikawa vigumu. Mwaka 1994 soko huria likamfikia. Shirika likagawanywa, watu wakapunguzwa, naye akapewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Wapo waliojenga nyumba za ghorofa kwa huo ubinafsishaji. Cecil alipata barua.

Na sisi wakulima tukaambiwa tujipange wenyewe, maana serikali haikuwa tena na kazi ya kugawa pembejeo. Tukajipanga. Ndipo ukazaliwa Umoja, ofisi kuu Newala mjini, tawi Masasi, na juu ya yote mwenyekiti, Bwana Mrisho, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni ambaye sikuwahi kumwona akiandika.

Kazi kubwa ya Umoja ilikuwa salfa. Kwa asiyejua, salfa ni ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho kuanzia Juni, ili maua yasishikwe na ubwiriunga, ule ukungu mweupe. Ubwiriunga ukishika maua, msimu umekwisha kabla haujaanza. Mtoto harudi shule na nyumba haiezekwi. Tuligawa salfa kwa idadi ya mikorosho ya kila mtu, na idadi hiyo ilikuwa kwenye daftari la Umoja. Daftari hilo alilitengeneza Cecil, ambaye Umoja ulimwajiri kuwa fundi wake. Viangazi viwili alizunguka kwa baiskeli, kijiji kwa kijiji, akihesabu mti mmoja mmoja na kuupaka alama ya chokaa, kisha akaingiza yote kwenye kompyuta. Wakulima elfu tatu na mia nne. Bibi Pili wa Mkunya alimwambia ana mikorosho mia. Cecil akahesabu akapata arobaini na mitatu, akaandika arobaini na mitatu, na bibi yule akamnunia mwaka mzima. Lakini ule mwaka wa kwanza wa daftari, Bibi Pili alipata salfa yake yote kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu hakuna aliyechukua ya miti isiyokuwapo. Hata mwenyekiti hakuchukua. Mikorosho ya Bwana Mrisho ilikuwa imepungua kwa mia mbili siku Cecil alipopita shambani kwake na chokaa.

Hilo Bwana Mrisho hakulisahau. Alikuwa akicheka sana alipokutana na Cecil.

Tulikuwa na kompyuta nne kuukuu za msaada, kila moja na kazi yake: moja ya daftari, moja ya barua pepe, moja ya kutunza nyaraka, moja ya kuwasiliana na tawi la Masasi. Zilikuwa nzee kuliko baadhi ya makarani. Cecil alizilea. Msimu wa salfa alizifungua kila Jumatatu na kuzipangusa kwa brashi ya rangi, na madirisha ya chumba akayaziba kwa vitenge vilivyolowanishwa. Kila Ijumaa mchana alinakili daftari zima kwenye sidii, akaiandika tarehe, akaenda nayo nyumbani. Tulimcheka. Nami nilicheka, sijitoi.

Mwaka 2008 wafadhili wakatuletea seva mpya, moja, kubwa, inanguruma. Wazo lilikuwa zuri, sitalidharau: seva inawekewa programu ya kuigawa, halafu zile kompyuta nne zote zinaishi ndani yake, kila moja ikidhani iko peke yake. Wataalamu wana jina lao la Kizungu. Sisi ofisini tuliziita kompyuta za ndani. Kilichobaki ni kuchagua programu ipi ya kuigawa. Zilikuwa mbili. Moja ya kununua leseni, ambayo mtaalamu kutoka Dar es Salaam aliileta kwenye boksi linalong'aa. Nyingine ya bure, ambayo meneja wetu Anderson aliisoma kwenye mtandao.

Anderson alikuwa na miaka thelathini na moja na shahada, na shahada hiyo alitutajia kila wiki. Mtaalamu wa Dar alikuwa na viatu vyenye ncha na hakuwa na shikamoo kinywani. Alimwambia Cecil, mtu wa umri wa baba yake, "Mambo, mzee?" Cecil akaitika marahaba kama vile ameamkiwa, na yule kijana hata hakuelewa kwamba amefundishwa.

Vikao vikaanza, kimoja kila wiki. Saba. Nimeviandika vyote, na nikivisoma leo natamani kuvichoma. Katika kikao cha pili walijadili saa mbili nzima kama kitu cha bure kinaweza kuwa na heshima. Mjumbe mmoja wa Lukuledi akasema dini imekuja bure na ina heshima. Mwingine akasema hapana, sadaka tunatoa. Katika kikao cha tatu mtaalamu aliwasha projekta akaonyesha mistari inayopanda, wajumbe wakapiga makofi kwa mistari. Katika kikao cha nne Anderson, ambaye mwanzo aliipigania ya bure, aligundua kwamba ya leseni ina mafunzo ya siku tano Dar na cheti. Kikao cha tano akawa anaipigania ya leseni. Hakuona haya. Alibadilika mbele yetu huku akinywa soda.

Mtu mmoja tu alizijaribu hizo programu, naye ni yule ambaye hakuwa mjumbe. Cecil aliiweka ya leseni, akahamishia humo nakala ya daftari, akachomoa umeme makusudi mara kumi aone kitakachoamka na kitakachokataa. Kisha akaifuta, akaweka ya bure, akafanya vilevile. Wiki tatu. Halafu akaleta taarifa ya ukurasa mmoja, nikaipiga chapa mwenyewe. Ilisema hivi: zote mbili zinafanya kazi. Ya leseni ni rahisi kuitumia hata kwa asiye fundi. Ya bure inataka mtu aandike amri kwa mkono, lakini mtu huyo yupo, na pesa ya leseni itanunua seva ya pili. Kwa programu yoyote ile, seva ikiwa moja, ikifa, kompyuta nne zinakufa siku moja. Na kwa programu yoyote ile, seva isikae chumba cha salfa.

Hapo penye salfa ndipo walipokasirika.

Maana chumba kilikuwa kimeshachaguliwa. Mtu wa mbali atashangaa, lakini kwetu ilikuwa na mantiki yake. Kitu cha thamani kuliko vyote katika Umoja kilikuwa salfa. Kwa hiyo chumba cha salfa ndicho peke yake chenye mlango wa chuma, nondo madirishani, kufuli mbili na mlinzi mwenye upinde. Seva ilikuwa kitu cha thamani. Basi iwekwe pamoja na vitu vya thamani. Wajumbe wote walikubali kwa dakika tatu, bila majadiliano, wale wale waliojadili boksi kwa wiki saba.

Cecil aliitwa kikao cha mwisho ajieleze. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Waheshimiwa," alisema, "bangili za fedha za mke wangu zinageuka nyeusi kila Juni, na yeye anapita shambani tu. Ndani ya hiyo mashine kuna shaba na fedha kila mahali, nyembamba kuliko unywele. Itakaa siku nzima ikivuta hewa yenye salfa ili ijipooze. Itaoza."

"Baba Isabela," mwenyekiti akamwambia, akicheka, "tumekuuliza kuhusu programu. Unatujibu kuhusu bangili?"

Wajumbe wakaangua kicheko. Mtaalamu naye akacheka, ingawa nadhani hakujua salfa ni nini. Alikuwa amepiga chafya pale stoo akauliza kama tunafuga kuku.

"Na isitoshe," mtaalamu akaongeza, "programu yetu inapiga picha ya kila kompyuta kila siku. Ikiharibika leo, unarudisha ya jana."

"Hizo picha zinakaa wapi?" Cecil akauliza.

"Humo humo kwenye seva."

"Basi siku ikifa itakufa na picha zake."

Niliandika maneno hayo. Anderson akaniambia niyafute, niandike: fundi ameshindwa kutoa maoni juu ya programu. Nikafuta.

Wakachagua ya leseni. Mtaalamu aligawa kofia na kalenda. Kompyuta za ndani zikahamishiwa kwenye seva, seva ikafungiwa na magunia, na zile nne za zamani zikaamuliwa kuwa mali chakavu. Cecil aliomba iachwe moja tu, ile ya daftari. Wakakataa. Mwezi haukupita, kompyuta zote nne zilikuwa zinapiga chapa kadi za harusi katika stesheneri moja mjini Masasi. Mwenye stesheneri alikuwa mke mdogo wa Bwana Mrisho. Huo nao uliitwa ubinafsishaji.

Kilichofuata ni barua ya kwanza. Mkataba wa leseni ulikuwa na kifungu cha usiri, na Anderson, aliyerudi kutoka Dar na cheti chake, akakisoma kuwa hakuna taarifa ya Umoja kutoka nje ya jengo. Cecil alionekana Ijumaa akitoka na sidii. Akapewa onyo la maandishi: akirudia, kazi hana. Nililipiga chapa onyo hilo. Aliposaini nilimwambia kwa sauti ya chini, "Baba Isabela, achana nao. Umebakiza miaka mitatu tu kustaafu." Isabela, binti yake, alikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi, na karo yake ilitegemea mshahara wa baba. Cecil alijua hilo kuliko mimi. Akasema tu, "Nimesikia, Mama Oliva."

Mei 2009 salfa ya msimu ikaja. Malori mawili. Magunia yalitupwa, mengine yakapasuka, na chumba kikawa njano kuanzia sakafu hadi dari. Seva ikaendelea kunguruma humo ndani, ikivuta. Cecil alimwomba meneja ruhusa ya kuipangusa. Akajibiwa kwamba kuifungua kutavunja dhamana. Wiki ya kwanza ya Juni ikaanza kuzimika yenyewe. Wiki ya pili haikuwaka. Mtaalamu aliitwa kutoka Dar, akaja siku ya nne, akaifungua. Nilikuwapo. Vinjia vyote vya shaba vilikuwa vimeota ukungu mweusi, na diski zilizokuwa na daftari na picha zake zote hazikusomeka. Akasema, bila haya, kwamba programu haina kosa. Kweli haikuwa nalo. Ya bure nayo ingekufa vivyo hivyo, na ndiyo maana nasema wiki zile saba tulikuwa tunabishana rangi ya kofia ya maiti.

Wakati huo maua yalikuwa yametoka. Wakulima walikuwa wanajaa uwanjani tangu asubuhi na kadi zao, na kadi zilikuwa na jina na namba tu. Idadi ya miti ilikuwa kwenye daftari. Bibi Pili alikuja kutoka Mkunya kwa miguu siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alileta tawi la maua, limeshaanza kuwa jeupe, akaliweka juu ya meza yangu. 

Bwana Mrisho ndiye aliyekuwa mtulivu. Aliitisha kikao cha dharura akasema kwamba kwa kuwa daftari limepotea, salfa itagawiwa kwa makadirio, na makadirio yatafanywa na viongozi. Alisema hivyo huku akijaribu kuwa na huzuni. Mikorosho yake mia mbili ilikuwa inafufuka mbele ya macho yetu. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, maana kila mmoja alikuwa na yake ya kufufua.

Cecil aligonga mlango. Hakuwa ameitwa. Aliweka mezani sidii moja yenye mwandiko wake, na tarehe yake ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla seva haijazima.

Wajumbe waliinama kuisoma. Kila mtu mle ndani alijua maana ya tarehe ile. Tangu lile onyo, mtu huyu hakuacha hata Ijumaa moja.

"Daftari lote limo," alisema. "Mnaweza kuliprinti leo."

"Ulipewa onyo," Anderson akasema.

"Nilipewa."

"Unajua ulichojifanyia?"

"Najua, meneja. Maua yanakufa. Liprintini kwanza, barua mtaandika baadaye."

Bwana Mrisho aliitazama ile sidii, na naamini kama tungekuwa wachache zaidi angeivunja. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na dirishani kulikuwa na wakulima, na wakulima walikuwa wamesikia. Bibi Pili alianza vigelegele. Baada ya hapo hakuna mwenyekiti wa kulificha.

Ofisini hapakuwa na kompyuta ya kulifungulia, maana programu ya daftari ilikuwa imekufa na seva, ikabaki kwenye zile kuukuu tu. Kwa hiyo gari la Umoja likateremka hadi Masasi, kwenye stesheneri ya mke mdogo, na Umoja ukalipia, ukurasa kwa ukurasa, kuprinti daftari lake kwenye kompyuta iliyokuwa yake. Cecil aliipangusa vumbi kwanza. Jioni karatasi zikarudi Newala, na kesho yake ugawaji ukaanza kwa idadi halisi, na watu wakawahi maua.

Asubuhi ya ugawaji Anderson alinipa barua ya kupiga chapa. Ya kumwachisha kazi Cecil Malibiche, kwa kutoa taarifa za Umoja nje ya ofisi kinyume cha onyo. Nikamwambia, "Meneja, hata leo? Wanagawa kwa karatasi zake." Akanijibu kwamba nidhamu ni nidhamu. Na hapa natakiwa niwaambie kwamba nilikataa, kwamba niliinuka nikamtupia karatasi zake. Sikuinuka. Nina watoto wanne. Niliipiga chapa barua ile, nzuri, pembe zimenyooka, na ushujaa wangu wote ulikuwa huu: niliacha kuweka tarehe. Nilijua barua ya kuachishwa kazi isiyo na tarehe ina kasoro, na mtu akienda nayo kwa afisa kazi anaweza kuipinga. Anderson alisaini bila kuisoma, kama kawaida yake, ikapelekwa.

Saa sita Cecil alikuwa kwenye foleni ya salfa na kadi yake kama mkulima yeyote. Anderson ndiye aliyekuwa anasoma majina. Alipofika kwake ilibidi alisome: "Cecil Malibiche, Luatala, mikorosho sitini na miwili." Cecil akaitika, "Nipo," akasaini, akafunga magunia yake nyuma ya baiskeli.

Kisha akaja dirishani kwangu. Nilidhani anakuja kunitukana, na nilikuwa nimejiandaa, ningefurahi hata. Akatoa barua mfukoni, imekunjwa mara moja tu, akaikunjua taratibu ili isichafuke kwa salfa.

"Mama Oliva, umesahau tarehe."

"Sikusahau, Baba Isabela," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Nenda nayo kwa afisa kazi hivyo hivyo ilivyo. Utawashinda."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

"Onyo nililisaini mwenyewe," alisema, "na nilichofanya nilikifanya. Wewe ungesema neno katika vile vikao saba. Sasa hivi niwekee tu tarehe."

Akanisogezea barua. Nikachukua kalamu nikaandika.